Caesar au Macbeth? Kuchagua sehemu ya kwanza ya kusoma na darasa

Kila mwaka ikikaribia Julai, kabla Kidato cha Tano hawajaripoti, kuna mwalimu mmoja au wawili wa fasihi ya Kiingereza huku Nyanda za Juu Kusini ambao hunipigia simu na swali lilelile: nataka kuwazoeza watoto kusoma kwa kina, neno kwa neno, nianze na tanzia gani ya Shakespeare? Hawaulizi habari za tamthiliya nzima. Nani ana muda wa tamthiliya nzima nje ya vitabu vya mtihani? Wanauliza sehemu ya kwanza tu, ile inayoweza kuenea kwenye vipindi vinane au kumi vya dakika 40, na darasani wamo watu hamsini na nakala ziko tatu.

Nimesoma na wanafunzi sehemu ya kwanza ya Julius Caesar mara sita na ya Macbeth mara nne, Mbeya mjini, Tukuyu, na mwaka mmoja Iringa. Nazilinganisha hizo mbili kwa sababu ndizo nilizozifundisha mpaka zikanichosha, na kwa sababu zote zina tafsiri ya Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968. Nakala yangu ya Nyerere imeng'oka jalada na ina kurasa mbili zilizounganishwa na chai, lakini bado inafanya kazi.

Hamlet niliiacha baada ya jaribio moja. Inaanza vizuri mno: usiku wa manane, baridi kali, na anayeuliza "Nani hapo?" si mlinzi aliye zamu bali yule anayekuja kumpokea. Mwanafunzi wa Makete ambaye amelinda shamba usiku anaiona kasoro hiyo papo hapo. Tatizo ni kwamba baada ya hapo sehemu ya kwanza ni ndefu, na mzimu unachelewa kusema. Othello ina jambo zuri kuliko yote: katika onyesho zima la kwanza watu wawili wanamsengenya mtu bila kulitaja jina lake hata mara moja. Lakini lugha wanayoitumia kumtukana ni chafu na ya ubaguzi, na mimi sina kifua cha kuisoma kwa sauti mbele ya Kidato cha Tatu. Romeo na Juliet nayo, ukishamaliza ile dibaji ya mistari 14, inakupokea kwa utani wa vijana wawili ambao ukiufafanua vizuri utaitwa ofisini.

Tubaki na mbili.

Mlango wa kuingilia

Julius Caesar inaanzia barabarani. Watetezi wawili wa umma, Flavius na Marullus, wanawakuta mafundi wakizurura siku ya kazi bila vifaa vyao na wanaanza kuwahoji. Wa kwanza anajibu moja kwa moja kwamba ni seremala. Wa pili anazungukazunguka. Anasema kazi yake anaifanya kwa dhamiri safi, kwamba yeye ni mtengenezaji wa "soles" mbovu, na neno hilo likitamkwa linasikika sawasawa na lile la roho. Mkubwa anachemka, umati unacheka. Alipoulizwa kwa nini anawatembeza watu mitaani, anajibu kwamba anataka viatu vyao viishe apate kazi.

Fundi huyu yupo Mwanjelwa. Yupo kila soko. Darasa langu la kwanza la Mbeya halikuhitaji kuelezwa ni mtu wa namna gani. Lilihitaji kuelezwa tu kwamba Shakespeare naye alimjua. Kazi ilikuja tulipojaribu kuutia utani wake katika Kiswahili. Soli tunayo, roho tunayo, ila hazikutani. Tukahangaika robo saa. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amenyosha mkono, akasema: "Mwalimu, si aseme anarekebisha nyayo?" Nyayo za mguu, na nyayo ambazo mtoto hufuata za baba yake. Mrekebisha nyayo zilizopotoka! Darasa lilipiga makofi, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza onyesho hilo bila kuwaachia wanafunzi robo saa yao ya kuhangaika. Wengi hawafiki kwenye nyayo. Mmoja alifika kwenye "kisigino cha dhamiri", na nikampa alama zake.

Macbeth inaanza na mistari kumi na miwili hivi, basi. Ngurumo, radi, viumbe watatu wanaulizana watakutana lini tena, na wanaondoka. Uzuri wake kwa mwalimu asiye na vitabu ni kwamba onyesho zima linaenea ubaoni. Unaliandika kabla kengele haijalia, kila mtu analiona, hakuna wa kusingizia kwamba jirani yake ameshika kitabu. Na ndani ya mistari hiyo kuna vitendawili viwili vinavyotosha kipindi: vita ambayo imeshindwa na imeshinda kwa pamoja, na ule mstari unaosema kizuri ni kibaya na kibaya ni kizuri. Tukuyu tuliusoma mwezi wa Juni, ukungu umekaa dirishani hatuuoni mlingoti wa bendera, na mstari wa mwisho unazungumza habari ya kuelea kwenye ukungu na hewa chafu. Kijana mmoja akapinga: ukungu wa Rungwe si mchafu, ndio unaoipa chai ladha. Pingamizi zuri. Kwa nini basi mshairi ameuweka ukungu jirani na uchafu? Tulikuwa tumeanza kusoma.

Halafu kuna mtego ambao Shakespeare ameutega mbali. Macbeth hayumo katika onyesho la kwanza wala la pili, anasemwa tu. Anapoingia katika onyesho la tatu, maneno yake ya kwanza kabisa ni kwamba hajawahi kuona siku mbaya na nzuri kama hii. Hajakutana na wale watatu bado, na tayari maneno yao yamo kinywani mwake. Usiwaambie. Waache waone. Kila mwaka kuna mmoja anayerudi kutazama ubao, anatazama karatasi, anatazama ubao tena. Katika Julius Caesar sijapata kitu kinachofanana na sekunde ile.

Uchawi unapoingia darasani

Sasa tahadhari, na hapa nasema kwa maumivu. Mara yangu ya kwanza na Macbeth nilipoteza kipindi pacha kizima. Dakika 80. Niliandika kichwa cha onyesho ubaoni pamoja na neno la Kiswahili la wale watatu, "wachawi", na darasa halikurudi tena kwenye maandishi. Kila mtu alikuwa na habari ya kijijini kwao: shangazi wa fulani, ng'ombe wa fulani, ungo uliodondoka. Mmoja alilia, kwa sababu bibi yake alikuwa amesingiziwa. Tulipomaliza hatukuwa tumesoma hata mstari mmoja, na mimi nilikuwa nimefungua kidonda ambacho sikuwa na dawa yake. Huku kwetu neno hilo limeua watu. Si neno la kuchezea ubaoni.

Baadaye nilijifunza kwamba dawa imo ndani ya maandishi yenyewe. Ukiacha vichwa vya wasemaji na maelekezo ya jukwaani, neno mchawi katika sehemu yote ya kwanza linatamkwa mara moja tu. Na linatamkwa wapi? Mmoja wa wale watatu anasimulia kwamba alimkuta mke wa baharia anatafuna njugu zake, akaomba apewe. Mwanamke akamfukuza: toka, mchawi wewe! Basi. Aliyeitwa mchawi ni mtu aliyeomba chakula akanyimwa. Wao wenyewe hujiita kwa jina jingine, "weird sisters", na neno hilo la kwanza zamani lilihusu majaliwa, yale yaliyoandikiwa mtu. Banquo, mwenzake Macbeth vitani, anapowaona hawaiti chochote. Anasema tu kwamba wanaonekana kama wanawake, ila ndevu zao zinamkataza kuamini hivyo.

Kwa hiyo siku hizi ubaoni naandika "wale watatu". Ninawauliza wanafunzi: nani anamwita nani nini, na lini? Swali hilo moja hulirudisha darasa kwenye karatasi, na mazungumzo ya ajuza anayenyimwa njugu kisha akapewa jina baya huja yenyewe, kwa utulivu. Lakini yanahitaji mwalimu anayelijua darasa lake. Kama ndio kwanza umehamia shule na hujui nani amefiwa na nani kwa sababu gani, chukua Caesar. Mtabiri wa pale anasema sentensi moja kuhusu tarehe 15 Machi, Caesar anamwita mwotaji ndoto, anapita. Hakuna atakayelia.

Mizani

Wanafunzi wetu wanaingia Kidato cha Tano wakiwa wameshahesabu mizani za mashairi ya tarbia mpaka usingizini. Huu ni mtaji ambao walimu wa Kiingereza hatuutumii. Mwambie mwanafunzi ahesabu silabi za mstari wa kizuri-ni-kibaya kwa Kiingereza: saba. Mwambie ahesabu za Macbeth au za Brutus, rafiki wa Caesar: kumi, wakati mwingine kumi na moja. Kisha mwambie kwamba Kiingereza hakihesabu silabi tu, kinasikiliza pia ipi imebanwa na ipi imeachiwa, na umpigie ngoma kwa kidole mezani. Wale watatu wanaanza kwa kishindo, wakuu wanaanza kwa kunong'ona kisha kishindo. Macbeth ndiyo yenye tofauti hii iliyo wazi zaidi, na dakika kumi zinatosha.

Julius Caesar ina tofauti nyingine: nani anasema kwa mistari na nani anasema kwa nathari. Fundi viatu anasema nathari, watetezi wanasema mashairi, na yeye ndiye mwerevu. Casca, mmoja wa wakuu wa Roma, akisimulia jinsi Caesar alivyokataa taji mara tatu, anasimulia kwa nathari, kama mtu anayepiga soga kijiweni. Onyesho linalofuata, radi zikipiga, Casca huyohuyo anasema kwa mistari iliyopangika. Hofu imemnyoosha. Hili nalo ni zuri, ila linahitaji uwe na kurasa mbili mkononi kwa wakati mmoja.

Na kuna pale Cassius, kiongozi wa njama dhidi ya Caesar, anapomwambia Brutus alinganishe majina mawili, la Brutus na la Caesar. Yaandike, anasema, lako ni zuri vilevile. Yatamke, linakaa mdomoni vilevile. Yapime, uzito ni uleule. Kwa Kiingereza kila jina lina silabi mbili, kwa hiyo ulinganisho ni wa kweli masikioni. Kwa Kiswahili Kaizari ina mizani nne, na ukiwauliza wanafunzi waipime hoja ya Cassius upya utaona wanatabasamu, kwa sababu neno letu la kuhesabia silabi ni lilelile la kupimia nyama buchani. Cassius angelipenda sana.

Wanawake

Hapa ulinganisho si wa haki hata kidogo. Calphurnia, mke wa Caesar, katika sehemu nzima ya kwanza anasema maneno matatu tu: nipo hapa, bwana wangu. Portia, mke wa Brutus, yupo barabarani hapo na hasemi kitu. Macbeth inampa mke wa Macbeth onyesho la tano karibu lote, na la saba analigeuza.

Mwalimu wa shule ya wasichana atasema basi jibu limepatikana. Polepole. Soma kile kinachosemwa kabla na baada ya yale maneno matatu. Caesar anamwita mkewe mbele ya umati, kisha anamwagiza Antony, ambaye atakimbia mbio za sikukuu ya Luperkali, amguse Calphurnia anapopita, kwa kuwa wazee husema tasa akiguswa katika mbio hizo laana inamtoka. Yaani mume ametangaza utasa wa mkewe barabarani, siku ya sikukuu, mji mzima ukisikiliza. Na hakuna popote palipotajwa kwamba huenda tatizo ni la Caesar mwenyewe. Mwaka ule Iringa nilipouliza darasa, "Calphurnia anajisikiaje?", palikuwa kimya, kisha mmoja akasema: "Mwalimu, ndiyo maana hasemi." Ukimya nao unasomwa. Sijui kama kuna mstari wa mke wa Macbeth uliowahi kunipa darasa tulivu namna ile.

Ila kwa kusoma kwa sauti, kwa msichana anayetaka kusimama mbele na kusema kwa nguvu, hakuna mjadala. Onyesho la tano. Anasoma barua ya mumewe, anamchambua mume mwenyewe kama mwalimu anavyochambua insha, anasema ana maziwa mengi mno ya utu ndani yake, kisha habari inafika kwamba mfalme analala kwao usiku huu.

Kitu kisichotajwa

Nikilazimishwa kutoa sababu moja ya kuzisoma sehemu hizi kwa kina, ni hii. Zote mbili zinahusu kumuua mtawala, na zote mbili zinaliogopa neno lenyewe. Wanafunzi wetu wanajua tafsida tangu Kidato cha Kwanza: amefariki, amejifungua, amekwenda haja. Hapa wanaona tafsida ikifanya kazi chafu.

Cassius anamshawishi Brutus kwa kurasa kadhaa. Anamsimulia jinsi Caesar alivyotaka kuzama mtoni Tiber akalia aokolewe, jinsi alivyotetemeka kwa homa kule Uhispania. Anasema kosa haliko kwenye nyota zetu, liko kwetu wenyewe tulio chini. Hasemi tumuue. Brutus anajibu kwamba analijua kiasi lile Cassius analotaka kumsukumia, na watalizungumza baadaye. Lile lipi? Hakuna aliyelitaja. Mwisho wa onyesho, Cassius akiwa peke yake, anasema wata-"mtikisa" Caesar. Onyesho la tatu anamwambia Casca kwamba kuna shughuli yenye heshima na hatari. Hatari, shughuli, kutikisa. Wape wanafunzi penseli wazungushie kila neno linalosimama mahali pa kuua. Orodha inafika ubaoni nusu nzima, na neno lenyewe halimo. Kuna kijana aliwahi kuongeza jingine ambalo sikuwa nimeliona: wale watetezi wawili wa onyesho la kwanza, waliowanyamazisha mafundi, Casca anasema kwa kupita tu kwamba "wamenyamazishwa" kwa kosa la kuzivua sanamu za Caesar mapambo. Wamefanywaje? Haelezi. Serikali nayo ina tafsida zake, akasema yule kijana, na mimi nikafuta ubao haraka.

Kumbuka pia nani aliitafsiri: mwaka 1963 Nyerere alikuwa Rais wa nchi changa, na akiwa na kazi zote hizo alikaa akapima maneno ya watu wanaopanga kumwondoa mkuu wa nchi. Hilo huwaamsha hata wale wanaosinzia.

Macbeth inafanya jambo hilohilo, lakini ndani ya kichwa kimoja. Mkewe kwanza: anasema anayekuja lazima aandaliwe. Tulijaribu maneno mengi mpaka tukalipata linalobeba ukarimu na kisu kwa pamoja: "Anayekuja ni lazima ashughulikiwe." Kila Mtanzania anajua mgeni anashughulikiwa vipi, na anajua pia maana ya kuambiwa utashughulikiwa.

Kisha onyesho la saba, Macbeth peke yake, chakula cha jioni kinaendelea kule ndani. Anasema, kwa Kiswahili changu: kama lingekuwa limekwisha pale likitendwa, basi ingekuwa heri litendwe upesi. Kwa Kiingereza ni "it", "it", "it", "it", mara nne, mbili kati yake zikiwa zimefupishwa, kabla hajathubutu kulitaja jambo lenyewe katika mstari wa pili, na hata hapo anachagua neno refu la kisomi, "assassination". Hapa ndipo Kiswahili kinakuwa darubini. Kiingereza kina "it" moja ya kufichia vitu vyote. Sisi lazima tuchague ngeli. Ni likitendwa, kwa maana ya jambo? Kikitendwa, kwa maana ya kitendo? Au yakitendwa, mauaji? Niliwagawa wanafunzi makundi matatu, kila kundi litetee kiambishi chake. Kundi la ya- lilishindwa vibaya: ukisema ya- umeshamtoboa Macbeth, umelitaja. Ki- walisema kitendo ni kidogo mno, kinakwisha. Li- walishinda kwa hoja kwamba jambo linaweza kuwa lolote na halina mwisho. Dakika 40 kwa herufi mbili. Sijawahi kuona Julius Caesar ikifanya hivyo.

Lakini Julius Caesar ina Mkwawa, angalau ukiwa Iringa. Katika onyesho la tatu, Cassius anashika kisu na kusema atajikomboa mwenyewe na utumwa, na Casca anajibu kwamba kila mtumwa anao mkononi mwake uwezo wa kuufuta utumwa wake. Sikuhitaji kueleza. Darasa zima liligeuka kuwa Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa: mwaka 1898, Mtwa Mkwawa anajipiga risasi kuliko kukamatwa na Wajerumani, na fuvu lake linarudi nyumbani mwaka 1954. Nilidhani somo limeisha kwa shangwe. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, Cassius anasema hivyo ili Casca amwone. Mkwawa hakuwa anamshawishi mtu." Tukarudi kwenye mistari. Kweli, Cassius anafunua kifua kwenye radi, anaonesha kisu, anazungumzia kifo chake, na kila sentensi ina jicho moja kwa msikilizaji. Ni muuzaji. Ulinganisho ambao ningeuachia upite kwa fahari ulivunjwa na mwanafunzi aliyesoma kuliko mimi.

Karatasi na muda

Kwa ufupi, maana haya kila mtu ayapime kwa shule yake. Sehemu ya kwanza ya Julius Caesar ina maonyesho matatu marefu, ya Macbeth saba mafupi. Maneno ya Caesar ni mepesi zaidi kwa mtu anayehangaika na Kiingereza, na watu hamsini wanapata nafasi, kwani umati wa Roma hauna idadi. Waambie tu wapige kelele pale Cassius na Brutus wanaposikia vifijo kutoka mbali. Macbeth haina umati. Ina mafumbo yaliyobanana, na onyesho lake la pili, la askari anayevuja damu, ni gumu mno na mimi hulisimulia kwa mdomo nikaendelea. Maandishi ya Kiingereza ya zote mbili hayana haki miliki, stesheneri yoyote itakupigia kopi. Usipige kopi ya sehemu yote. Onyesho moja, upande mmoja wa karatasi, nafasi pana pembeni ya kuandikia.

Tafsiri iletwe lini? Mimi huileta baada ya wanafunzi kujaribu yao, si kabla. Ikitangulia wanaacha kusoma Kiingereza. Ikifuata wanabishana na Nyerere, jambo ambalo huwafanya warefuke sentimita mbili.

Basi chagua hivi. Darasa jipya kwako, au Kidato cha Tatu na cha Nne, au klabu yenye watu wa viwango mchanganyiko: Julius Caesar, onyesho la kwanza lote na la pili mpaka Caesar anapotoka. Kidato cha Tano wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mnaojuana, na vipindi visivyopungua vinane: Macbeth, la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Ukiwa na kipindi kimoja tu, cha kujaza nafasi ya mwalimu aliyekwenda kusahihisha mitihani, fundi viatu hajawahi kuniangusha.

Mimi binafsi naipenda Macbeth zaidi, na kwa sababu hiyo huwa siwaanzii nayo. Mwalimu anayependa sana huongea sana. Mwaka huu lakini Kidato cha Tano wanaokuja ni wale niliowasomesha Caesar wakiwa Kidato cha Tatu. Nimeshapiga kopi 60 za onyesho la saba. Juu ya karatasi, kabla ya mstari wa kwanza, nimeacha mabano matupu matatu ambapo ngeli itajazwa kwa penseli.